Kidonge cha Macho na Kidonge cha Hamu

Jamani, sogeeni karibu, maana nina habari na nikizinyamazia nitapasuka! Si za kale hizi, ni za majuzi tu, na nchi yenyewe si ya mbali, ni hii yetu, ambayo siitaji jina kwa sababu ina aibu ya kutajwa. Nchi yetu imefanya jambo ambalo hata wa ng'ambo hawajathubutu. Imelinganisha dawa mbili kisayansi, kwa midomo ya viongozi wenyewe, na mimi nilikuwepo. Nilikaa karibu kabisa na meza ya maua.

Mnijue kwanza. Naitwa Zamda. Nimesomea habari chuoni, nikapata kazi Wizara ya Afya na Uonjaji, idara ya matangazo. Kazi yangu ni kuandika kwamba mambo yako vizuri. Ni kazi nyepesi, isipokuwa siku mambo yakiwa vizuri kweli, hapo idara nzima huwa tunachanganyikiwa.

Sasa, huu uonjaji. Kwetu mgeni hapewi kinywaji hivi hivi tu. Mwenye nyumba anapiga funda moja mbele yake, anatoa sumu, ndipo anamkabidhi kikombe. Mtu akikupa togwa bila kutoa sumu, unaondoka pale una neno moyoni. Ni adabu tuliyonyonya nayo. Basi Serikali, kwa mapenzi yake, ikajiuliza: kama mwenye nyumba anamwonjea mgeni, sisi tunashindwaje kuwaonjea wananchi? Sheria ikapita. Kitu chochote cha wananchi hakiwafikii wananchi mpaka viongozi wametoa sumu.

Na wanaonja kweli, msiwasingizie. Unga wa msaada wa njaa ulionjwa mpaka magunia yakabaki ya kufutia miguu. Vyandarua vya zahanati vilionjwa kwa kulaliwa. Kisima cha kijijini kwetu alikionja mkuu wa wilaya, akakionja kwa bomba refu mpaka shambani kwake, na hadi leo hajasikika mwananchi hata mmoja aliyedhurika na maji ya kisima kile. Huo ndio usalama, ndugu zangu.

Juu ya uonjaji wote yupo Mheshimiwa Makorongo, Mwonjaji Mkuu wa Taifa. Mtu mpole, mnene, ana sauti ya kubembelezea mtoto. Akikunyima kitu unajikuta umeshamshukuru.

*

Dawa zilikuja mbili, kwenye makopo yenye muhuri mwekundu, maana zote ni dawa za kudhibitiwa. Hununui dukani kama dawa ya kikohozi. Mpaka daktari aandike.

Ya kwanza inaamsha. Kuna watoto ambao mawazo yao yanarukaruka kama bisi sufuriani, hawatulii darasani hata ukiwafunga kamba. Kuna watu wazima usingizi unawadaka ghafla, katikati ya barabara. Dawa hiyo ni yao. Inatuliza mawazo, inakaza macho. Lakini ina tabia zake: usingizi unakimbia, moyo unakwenda mbio, na chakula unakitazama kama picha ukutani. Pale wizarani tukaiita kidonge cha macho.

Ya pili ina kiini kama kile kilichomo kwenye bangi. Msishtuke! Imepikwa maabara, ina kipimo, haivutwi. Ni ya wagonjwa wa saratani ambao dripu zinawatapisha mpaka nyongo. Inatuliza tumbo, inarudisha hamu ya kula. Tabia yake ni kwamba kichwa kinakuwa chepesi na mtu anaweza kucheka peke yake. Hiyo tukaiita kidonge cha hamu.

Mwenye akili ya kawaida angesema hizi hazilinganishwi, huyu anaumwa hili na yule anaumwa lile, ni sawa na kulinganisha mwavuli na kijiko. Ndiyo maana kazi hiyo hatukumpa mwenye akili ya kawaida. Tulimpa Profesa Tindwa.

Mimi nilizisubiri dawa hizo kuliko mtu yeyote pale wizarani, na nitawaambia kwa nini. Nina mamdogo wangu, Sikudhani. Mama alipofariki ndiye aliyenichukua, akanilea, akanisomesha kwa mwiko. Ni mpishi wa shughuli. Kama mliwahi kula pilau ya harusi mkasahau kumwangalia bibi harusi, basi mlikula ya kwake. Sasa kapata saratani, na dripu za saratani zimemgeuza: harufu ya kitunguu tu, mbio kwenye beseni. Mpishi, jamani! Amebaki mifupa na ulimi, na ulimi wenyewe ni wa kutukania.

Daktari wake, Dokta Nsajigwa, aliniita pembeni. "Zamda, dripu zinamsaidia, uvimbe unapungua. Lakini mwili umeisha. Asipokula siwezi kumwekea nyingine, itamuua kabla ya ugonjwa. Akila, tunaendelea." Akamwandikia kidonge cha hamu.

Nikaenda dirisha la dawa. Kopo nikaliona kwa macho yangu, lipo kabatini nyuma ya kioo.

"Bado halijaonjwa, mdogo wangu," akaniambia dada wa dirishani.

Na mimi nikafurahi! Nikasema moyoni, litaonjwa tu, si ndiko ninakofanya kazi?

*

Siku ya kuonja, ukumbi ulijaa. Wakurugenzi waligawanywa meza mbili. Mheshimiwa Makorongo alichagua meza ya hamu, kwa kujitolea.

"Ndugu wananchi," alisema, ingawa wananchi walikuwa nje ya geti, "leo tunahatarisha matumbo yetu kwa ajili yenu."

Tukapiga makofi, wakameza.

Meza ya macho ilianza. Mkurugenzi wa Mipango alifungua mdomo na hakuufunga tena. Waliandika sera ya vivuli vya miti, wakaandika sera ya kutekeleza ile sera, kisha sera ya kuwachunguza waliochelewa kutekeleza. Mmoja alipanga viti vya ukumbi kwa urefu wa miguu, akavipangua, akavipanga tena, jasho linamtoka, hapepesi. Chakula kilipoletwa wakakitazama.

"Kitu gani hiki?" akauliza mmoja.

"Kuku, Mheshimiwa."

"Peleka kule. Tuna kazi."

Kule ni meza ya hamu. Ile meza ilikuwa kimya muda mrefu, mpaka Mkuu wa Idara ya Nidhamu alipookota kijiko, akakitazama, akaanza kucheka. "Kijiko!" akasema, machozi yanamtoka. "Nani alikaa chini akawaza kijiko?" Meza nzima ikaanguka kicheko. Kisha wakaanza kula. Walikula vya kwao, wakala vya meza ya macho, wakala ndizi za mapambo, wakala vyakula ambavyo makarani wamebeba kutoka majumbani, wakatuma mtu akachukue ugali wa walinzi. Ikaletwa keki yenye ramani ya nchi yetu. Mheshimiwa Makorongo alijikatia upande wake mwenyewe, akaanza na kusini.

"Kusini kutamu," alisema, "sijui kwa nini wanalalamikaga."

Wakati wa hukumu akasimama Profesa Tindwa. Yeye, ili asipendelee, alimeza vyote viwili, kwa hiyo alikuwa anatetemeka huku anacheka.

"Waheshimiwa! Sayansi imesema! Anayemeza kidonge cha macho halali, hachoki, na hali. Anasikiliza hotuba mpaka neno la mwisho. Je, huyu siye mwananchi tuliyekuwa tunamtafuta tangu uhuru?"

"Ndiye!" ukumbi ukaitikia.

"Na anayemeza kidonge cha hamu anakula bila kuvimbiwa, na matatizo yote yanamchekesha. Huyu ni nani?"

"Ni sisi!"

Mheshimiwa Makorongo akafuta mdomo, akasimama taratibu. "Ndugu zangu," alisema kwa ile sauti ya kubembeleza, "kiongozi asiye na hamu atakulaje kwa niaba ya watu wake?"

Likapita palepale. Kidonge cha macho kwa wananchi wote, wazima kwa wagonjwa. Kidonge cha hamu kwa viongozi tu, na mtu asiye na wadhifa akikutwa na hamu ya kula, ajieleze ameitoa wapi. Tangazo nililiandika mimi! Kichwa cha habari: Dawa Zote Zapata Wenyewe.

Halafu mdomo wangu huu nikashindwa kuuzuia. Nikanyoosha mkono. "Mheshimiwa, na wale wagonjwa?"

"Wagonjwa gani, binti?"

"Wa saratani. Ambao dawa ilikuwa yao."

Meza ya hamu ikanitazama. "Wagonjwa!" akasema Mkuu wa Nidhamu, kama alivyosema kijiko, na wakacheka mpaka mmoja akateleza chini ya meza.

Mheshimiwa yeye hakunicheka. Alinihurumia. Alichukua kidonge kimoja kwenye sahani, akanitilia kiganjani, akakikunja kiganja changu kwa vidole vyake vyenye mafuta. "Uso wako una njaa, mwanangu. Onja na wewe, leo sikukuu."

Nikapeleka mkono mdomoni, nikanywa maji, nikasema ahsante. Kidonge kikabaki katikati ya vidole, na nilipokaa nikakifunga kwenye pindo la mtandio.

*

"Umeshakuja na kelele zako," mamdogo alisema wodini bila kufumbua macho.

"Nimekuja na dawa, mamdogo."

Akafumbua jicho moja. "Imetolewa sumu?"

Nawaambia ukweli, hapo nilikwama. Huyu mwanamke aliwahi kuondoka kwenye uchumba wa watu, na sufuria zake zote, kwa sababu upande wa pili waliwapa wazee juisi bila kuonja. Na anayekabidhi ndiye anayeonja, ndivyo alivyonifundisha mwenyewe.

"Ni kimoja tu," nikamwambia. "Nikikionja kimekwisha."

Akakitazama pale kiganjani kwangu. Kidude chenyewe kama punje ya choroko.

"Zamda. Miaka yote nawapiga watoto wa watu mwiko: usipokee kisichotolewa sumu."

"Ndiyo, mamdogo."

"Leo nipe hivyo hivyo. Kama ni sumu, iwe yangu peke yangu. Nimechoka kuonjewa."

Akameza. Akalala kidogo. Mimi nikakaa na beseni mapajani, kama kawaida. Mara nikamwona pua inacheza.

"Nini kinanuka?"

Nikalisogeza beseni haraka.

"Toa uchafu wako hapa! Nauliza ni nini kwa sababu nakitaka!"

Alikuwa ni jirani wa kitanda cha pili, kaletewa samaki wa kukaanga. Jamani, mamdogo alikula samaki wa watu! Akala na uji. Akaagiza wali, wali ukaja, akatafuna kijiko cha kwanza akatulia.

"Nani kapika huu wali?"

"Wa hapa hospitali."

"Alidhani anapikia gereza? Hebu mwambie, chumvi haiogopwi, inapimwa." Kisha akaanza kucheka peke yake, akicheka wali, akicheka mguu wake ulivyokonda, akimcheka Dokta Nsajigwa aliyesimama mlangoni mdomo wazi. Na mimi nikacheka, na jirani mwenye samaki akacheka, ingawa samaki hana tena.

"Akila hivi siku chache tu," Dokta alisema, "dripu naweka." Aliondoka anatembea kama kijana.

*

Kelele ya mtu mwenye hamu haifichiki. Kesho yake Mheshimiwa Makorongo alikuja hospitali kugawa vidonge vya macho, na wapiga picha nyuma yake, na mimi nyuma ya wapiga picha. Huko korido ya mbali tukamsikia mamdogo anadai pweza wa nazi.

Mheshimiwa akaingia, akamshika mkono. "Mama, hali?"

"Hali ni njaa, baba."

Mpiga picha mmoja akashusha kamera.

"Njaa?" Mheshimiwa aliuliza kwa upole.

"Njaa. Sijui kwenu mnaitaje."

Msaidizi akamwinamia sikioni, lakini sote tulisikia. "Mheshimiwa, mwananchi ana hamu."

"Mama yangu, hii hamu umeitoa wapi?"

Mamdogo hakunitazama hata kidogo.

"Nimezaliwa nayo. Ya kwako wewe nani kakupa?"

"Mama ana utani."

"Sina utani. Mimi nimepika shughuli za mji huu wote, nikiona tumbo najua sufuria. Hilo la kwako, mwanangu, si pilau ya mtu mmoja."

Mheshimiwa akacheka, akawageukia wapiga picha ili wapate kicheko hicho, kisha akaagiza: "Mpeni mama kidonge cha macho. Na apewe kila siku, asisahauliwe."

Dokta Nsajigwa akajipenyeza mbele. "Mheshimiwa, hicho kinaua hamu. Huyu mgonjwa anakufa kwa kutokula."

"Unapinga matokeo ya utafiti, Dokta?"

"Napinga kumpa mtu dawa ya mtu mwingine."

Kabla jua halijazama Dokta alikuwa amehamishwa, kapelekwa bonde la mbali huko kuchanja kuku. Chanjo zenyewe hazijaonjwa, kwa hiyo nasikia anapumzika.

Mimi nilimkimbilia Mheshimiwa mpaka kwenye gari, viatu mkononi. "Mheshimiwa, nakuomba. Kimoja kimoja tu, mpaka amalize dripu. Ni mamdogo wangu, ndiye aliyenilea."

Aliniwekea mkono begani, na nawaapia, alikuwa na huzuni ya kweli usoni. "Binti, nikimpa mmoja, kesho watataka wote. Na hamu ikishawaingia watu, nani ataweza kuilisha?"

Akatoa kidonge kwenye mfuko wa shati, akakimeza bila maji, gari ikaondoka.

*

Habari nzuri ni kwamba kidonge cha macho kinafanya kazi. Mamdogo hakulala tena. Yale macho yalikuwa yanawaka, na maneno yanamtoka yamepangika, hata mwenyewe nilishangaa. Alinipa pilau ya watu elfu, kipimo kwa kipimo: jira lini, mdalasini lini, nyama itolewe ikiwa bado ngumu. Aliitaja kama anayesoma. Nikakimbia nyumbani nikaipika kidogo, nikamletea kwenye hotipoti, nikafungua mfuniko mbele yake.

Akaitazama. Akaitazama muda mrefu, kwa ule uangalifu wote aliopewa na Serikali.

"Kula, mamdogo."

"Chakula nakikumbuka, Zamda," alisema. "Lakini hakiniiti."

Nilimlisha kijiko, kikakaa mdomoni mpaka nikakitoa mwenyewe. Nikimwekea mkono kifuani, moyo wake nausikia juu ya kanga, unakimbia kama unamfukuza mtu. Daktari mpya alikuja, akampima, akasema dripu haiwekeki kwa mwili huu. Alikuwa daktari mwangalifu sana. Hapepesi. Na yeye wamempa.

Mamdogo Sikudhani alifariki asubuhi, manesi wanabadilishana zamu. Nilikuwa namwambia habari za mjini, nikaongea, nikaongea, maana macho ameyafumbua na ananitazama, kumbe naongea peke yangu. Waoshaji walipokuja walijaribu kumfumba macho, wakashindwa. Ikabidi wamfunge kitambaa.

Wizarani walifurahi. Profesa Tindwa alimwingiza kwenye matokeo kama ushindi. Tangazo nikaandikishwa mimi, kwa sababu ndiye niliyekuwa karibu naye: Mwananchi wa Mfano Afariki Akiwa Macho, Hakuomba Chakula Hadi Mwisho. Hawakubadilisha hata neno. Ukilisoma hakuna uongo ndani yake, na hicho ndicho kinachonitesa nikilala, kama ningekuwa nalala.

Kwenye maziko alikuja Mheshimiwa Makorongo mwenyewe, na meza nzima ya hamu. Wapishi wenzake mamdogo walikuwa nyuma ya nyumba na sufuria kubwa, wanapika ile aliyonitajia, mimi ndiye niliyewapa vipimo. Harufu ikawa inakuja mpaka makaburini, watu wa mtaani wamesimama hawaisikii, macho yamewatoka, wanasikiliza hotuba. Hotuba ilikuwa ndefu. Nchi haitamsahau mama huyu, na kadhalika. Kisha wakamshusha, na vijana wakashika makoleo.

Mheshimiwa akanisogelea, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nikadhani ananipa pole. Akaniinamia sikioni, na tumbo lake nikalisikia linanguruma.

"Binti," alinong'ona, "chakula tayari?"

"Bado, Mheshimiwa," nikamwambia. "Tunamfukia kwanza."